Ndoo inasoma 1.025, mbona kamba wanakufa?

*"Mtaalamu, pole na kazi. Naishi Nyegezi, Mwanza, na nina tangi la lita 150 lenye viumbe wa baharini: samaki wawili aina ya klauni, na kamba wadogo ambao walikuwa watano na sasa amebaki mmoja. Maji ya kwanza nililetewa kwa madumu kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo, kwa wiki sita, kila Jumamosi nabadilisha lita 30 kwa maji ya bomba niliyoyachemsha na kuyachanganya na chumvi ya mawe ya Bagamoyo, kwa sababu niliambiwa hiyo ndiyo chumvi ya bahari yenyewe na haina madini joto. Kila siku naongeza pia kama lita moja ya maji hayohayo ya chumvi kufidia yanayokauka. Haidromita yangu ya plastiki inasoma 1.025 kwenye ndoo kila mara. Lakini siku moja au mbili baada ya kubadilisha maji, kamba hufa. Je, nichemshe zaidi, nichote maji ya ziwa badala ya bomba, au ninunue kipimo kingine?"*

Ndugu yangu, kinachokusumbua nakielewa hivi: umefanya kazi yako kwa kipimo, namba imetoka ileile wiki hadi wiki, na bado viumbe wanakufa. Nianze kwa kukutoa wasiwasi juu ya haidromita, kwa sababu sidhani kama ndiyo yenye kosa kubwa hapa. Inawezekana kabisa kwamba ndoo yako ilikuwa 1.025 kila Jumamosi. Shida ni kwamba namba hiyo hujibu swali moja tu, yaani maji haya yana uzito kiasi gani yakilinganishwa na maji matupu, na haijui kabisa uzito huo umeletwa na kitu gani. Ukikoroga sukari ya kutosha kwenye ndoo hiyohiyo, haidromita itasoma 1.025 vilevile, na hakuna mtu atakayesema hayo ni maji ya bahari.

Hapo ndipo chumvi ya Bagamoyo inapoingia. Ni kweli imetoka baharini, lakini iliyofika sokoni si bahari nzima. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kati ya hizo gramu 30 hivi ni sodiamu na kloridi, yaani chumvi ile tunayoijua mezani. Gramu tano zilizobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na bikaboneti, pamoja na vitu vingine kwa viwango vidogo sana. Sasa fikiria mabwawa ya chumvi yanavyofanya kazi. Maji yanapokaushwa na jua hadi kubaki karibu nusu, chokaa huanza kutuama. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi nayo huganda na kuondoka na kalsiamu. Yanapofikia kama sehemu moja ya kumi ndipo fuwele za chumvi zinapoanza kujitokeza. Mkulima wa chumvi huvuna fuwele hizo na kuyamwaga maji machungu yanayosalia, kwa makusudi kabisa, kwa kuwa yakikaukia humo chumvi itakuwa chungu na italowa kila siku. Katika maji yale machungu ndimo magnesiamu na potasiamu zilimobaki. Kwa mpishi, huo ni usafi wa bidhaa. Kwa kamba wako, ni chakula kilichoondolewa nusu ya viungo.

Kuhusu madini joto, nadhani yamebebeshwa lawama isiyo yao. Chumvi yenye madini joto isingekufaa pia, lakini sababu kuu ingekuwa ileile: karibu yote ni sodiamu kloridi, pamoja na dawa ya kuzuia isigande. Kukwepa madini joto hakujakupatia maji ya bahari.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kamba hawakufa wiki ya kwanza. Tangi la lita 150 likishawekwa mawe na mchanga, na maji yasipofika ukingoni, hubakiwa na maji halisi kama lita 120. Kwa hiyo lita 30 unazobadilisha si moja ya tano kama inavyoonekana, ni robo. Kila Jumamosi uliondoa robo ya maji ya Dar es Salaam na kuingiza maji yenye sodiamu kloridi peke yake, na baada ya Jumamosi sita kilichosalia cha maji yale ya mwanzo ni chini ya sehemu moja ya tano. Magnesiamu, ambayo katika bahari huwa karibu miligramu 1,300 kwa lita, ingekuwa imeshuka hadi kama 230. Kalsiamu, ambayo huwa kama 410, ingekuwa imeshuka hivyohivyo, ila mawe ya matumbawe, kama unayo, hurudisha kidogo. Muda wote huo haidromita iliendelea kusoma 1.025, na haikukosea.

Kwa nini kamba wafe na klauni waendelee kuogelea? Samaki wa baharini ana damu yenye chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humtoka mwilini usiku na mchana kupitia matamvua. Yeye hufidia kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi, sehemu kubwa kupitia matamvua yaleyale. Kazi hiyo inamgharimu nguvu, lakini anayo mashine ya kuifanya, na ndiyo maana huvumilia maji yaliyokosewa kwa wiki kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Kamba hana uwezo mkubwa wa namna hiyo. Isitoshe, yeye hujivua gamba mara kwa mara na kujenga jipya, na gamba hilo hujengwa kwa kalsiamu anayoivuta majini. Maji yanapobadilika ghafla mara nyingi hujivua kabla ya wakati, na akijivua katika maji yasiyo na madini hayo hubaki laini, hushindwa kusimama, hufa. Siku moja au mbili baada ya kubadilisha maji ni wakati unaolingana sana na habari hiyo. Kwa hiyo usichukue uzima wa klauni kuwa ushahidi kwamba maji ni salama.

Lipo kosa la pili, na hili hulikuta karibu kila tangi linaloanza: hiyo lita moja ya kila siku. Maji yanapokauka, kinachoondoka ni maji peke yake, na chumvi yote hubaki tangini. Ukifidia kwa maji ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ndoo yenye 1.025 ina kama gramu 33 kwa kilo. Lita saba kwa wiki ni gramu 231 zinazoingia katika lita 120, yaani karibu gramu mbili kwa lita kila wiki. Kubadilisha maji Jumamosi hupunguza sehemu ya ziada hiyo, si yote. Kwa wiki sita nakadiria tangi lako limepanda hadi kukaribia gramu 40 kwa kilo, wakati ndoo ikiendelea kuwa kama 33. Sikuona popote katika barua yako kwamba ulipima tangi lenyewe. Lipime leo, kabla hujaendelea na aya inayofuata ikiwezekana. Na kuanzia leo, maji ya kufidia yanayokauka yawe maji yasiyo na chumvi. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, na kila asubuhi rudisha maji hadi kwenye alama.

Sasa maji yenyewe. Kuchemsha huua vijidudu na kufukuza klorini, lakini hakuondoi fosfeti wala metali. Kinyume chake, kadiri unavyochemsha ndivyo maji yanavyopungua na vilivyomo vinavyozidi kukolea. Kwa hiyo kuchemsha zaidi hakutakusaidia. Maji ya ziwa, kwa upande wa madini, ni matamu sana: chumvi zake zote pamoja hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya gramu kwa lita, na hilo ni jambo zuri. Lakini ukichota kandoni, iwe Kirumba au hapo kwenu Nyegezi, unachota pia mwani wa kijani, mbolea iliyosombwa na mvua na chochote kilichomwagika kutoka kwenye mitumbwi. Wakati maji yanapogeuka kijani kama rangi ya mchicha uliosagwa, usiyaingize tangini hata kidogo. Maji ya bomba yametoka ziwa hilohilo, ila yamesafishwa na kutiwa dawa. Klorini ya kawaida huondoka ukiyaacha maji ndoo wazi na kuyapulizia hewa kwa saa 24, au ukitumia dawa ya sodiamu thaiosalfeti kwa kipimo kilichoandikwa. Waulize wahusika wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama wanatumia klorini peke yake au kloramini, maana kloramini haiondoki kwa kuachwa wazi.

Chaguo ninalolipenda ni maji ya RO, yale yanayochujwa kwa utando. Wapo wanaouza maji ya kunywa ya namna hiyo mitaani, lakini wengine huyaongezea madini ili yawe na ladha. Nenda na kalamu ya TDS mfukoni, yaani kipimo cha madini yaliyoyeyuka majini. Ikisoma chini ya 10, chukua, ikisoma 60 au 80, mshukuru muuzaji na uondoke. Maji ya mvua nayo ni safi yanapotoka angani, lakini bati jipya hutoa zinki, na zinki ni sumu kwa kamba kwa viwango vidogo mno. Ukiyataka, yakinge kwa turubai safi la plastiki baada ya mvua kunyesha kwa muda na kusafisha hewa.

Tuje kwenye kuandaa. Unahitaji chumvi iliyotengenezwa mahsusi kwa matangi ya bahari, ambayo ina sehemu zote nilizozitaja kwa uwiano wake. Mwanza si rahisi kuipata, na wengi huiagiza Dar es Salaam au Nairobi. Chombo kiwe ndoo au pipa la plastiki ya kuhifadhia chakula ambalo halijawahi kubeba mafuta, sabuni wala dawa. Maji hutangulia, chumvi hufuata. Siku moja nilikuwa na haraka nikamimina chumvi kwanza na kuleta maji juu yake. Kwa dakika chache ndoo ilikuwa kama imetiwa unga wa muhogo, na utando mweupe ukashika kwenye kitako cha ndoo kwa nguvu hadi nikaukwangua kwa kijiko. Ule ulikuwa kalsiamu na kaboneti, vitu vilevile nilivyovilipia, vimeungana kuwa chokaa kwa sababu vilikutana vikiwa vimekolea mno. Chokaa hiyo hairudi majini kwa kukoroga.

Kwa lita 30, mimina lita 29 kwanza, washa pampu ndogo ya kuzamisha ili maji yazunguke, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo hadi kama kilo 1.1. Kiasi hutofautiana kati ya gramu 36 na 38 kwa lita kulingana na aina na unyevu iliyovuta, kwa hiyo fuata pakiti na upime kwa mizani, si kwa kikombe. Mfuko uugeuzegeuze kabla ya kuufungua, kwa kuwa chembe ndogo hushuka chini safarini, na uufunge vizuri baadaye. Unyevu wa ziwani hauna huruma na chumvi. Acha pampu ifanye kazi hadi kesho yake, maji yawe maangavu na joto lake lilingane na la tangi, nyuzi 25 au 26. Mzunguko huo pia huingiza hewa, jambo lenye uzito wake kwetu sisi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji hushika oksijeni pungufu kwa asilimia 12 au 13 kuliko yangeshika Dar es Salaam yakiwa na joto lilelile. Samaki wako anaishi mlimani bila kujua.

Usipime kabla maji hayajawa maangavu. Ukikuta 33 na unataka 35, pungufu ya gramu mbili mara lita 30 ni gramu 60. Ongeza hizo, subiri saa chache, pima tena. Ukikuta 38, ongeza maji matupu kama lita mbili na nusu. Hakuna haja ya kukisia.

Kuhusu kipimo, haidromita ya mkono wa plastiki inaweza kutumika ikitunzwa. Kiputo kimoja cha hewa kikishika mkono ule huuinua, na utasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Ukoko wa chumvi uliokaukia humo huuvuta chini, na utasoma kidogo. Igonge taratibu kuondoa viputo, isuuze kwa maji matamu kila ukimaliza. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja, nunua rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa namna mwanga unavyopinda majini, iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya bahari. Angalia sana, kwa maana madukani zimejaa za kupimia sukari na asali, na hizo hazitakusaidia. Zipo pia zilizosawazishwa kwa sodiamu kloridi peke yake. Hizo husoma 36.5 mahali ambapo bahari ni 35.

Watu wengi huisawazisha kwa maji matupu kwenye sifuri na kuridhika, lakini mizani inayosema kweli kwenye sifuri inaweza kudanganya kwenye kilo kumi. Isawazishe kwa kimiminika kinacholingana na 35. Unaweza kukitengeneza mwenyewe: gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, ndani ya gramu 963.5 za maji ya RO. Hapo, ajabu, chumvi ya jikoni inakufaa kabisa, kwa kuwa unatafuta namna mwanga unavyopinda tu. Pima kwa mizani nyepesi ya kidijitali, kama ile ya masonara, ambao Mwanza hawakosekani. Chupa uifunge vizuri isikauke, na uandike juu yake kwamba si ya kunywa. Kwa kuhakiki sifuri, maji ya sindano kutoka duka la dawa yanatosha, tone mbili tu. Usitumie yanayouzwa kama maji ya betri ukiwa huna hakika, kwa sababu kwa jina hilo wengine huiita asidi yenyewe.

Utaniuliza, je, niendelee kuletewa maji kwa basi kutoka Dar es Salaam? Si wazo baya kwa tangi dogo, na kwa upande wa madini hakuna chumvi ya mfuko inayoyashinda. Lakini dumu la lita 20 lina uzito unaozidi kilo 20, safari inazidi kilomita elfu moja, na ubora hutegemea alikochota mtu. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa Msimbazi na mito mingine, na si siku za masika. Viumbe wadogo waliomo hufa ndani ya dumu lililofungwa na kuoza, hivyo yakifika yachuje, yapulizie hewa, na upime amonia na chumvi kabla ya kuyatumia. Mimi ningeyafanya kuwa akiba, na chumvi ya mfuko kuwa kazi ya kila wiki. Wapo pia wanaojaribu kuikamilisha chumvi ya mezani kwa kuiongezea chumvi ya Epsom, kalsiamu kloridi na magadi ya kuokea. Kikemia inawezekana, lakini salfeti huzidi haraka na kosa dogo la mizani hulipwa na kamba. Sikushauri.

Kwa wiki hii, fanya hivi. Acha kabisa chumvi ya mawe. Ukikuta tangi kwenye 40, usilishushe kwa siku moja: toa lita nne za maji ya tangi na uweke lita nne za maji ya RO, kila siku kwa siku nne, mbali na yale ya kufidia ukaukaji. Litashuka kwa zaidi kidogo ya gramu moja kwa siku na kufika karibu na 35. Baada ya hapo anza kubadilisha lita 12 hadi 15 kwa maji ya chumvi kamili, mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, ili magnesiamu na kalsiamu zirudi polepole. Pima ndoo, pima tangi, na usimimine kabla namba hizo mbili hazijakaribiana. Kamba mpya asinunuliwe mpaka mwezi huo uishe.

Nimeeleza yanayolingana na barua yako, lakini sijaliona tangi. Klorini iliyosalia, shaba kutoka kwenye bomba au pampu iliyopasuka, na amonia, vyote huua kamba kwa namna inayofanana na hii. Kwa hiyo kama klauni wataanza kuhema haraka karibu na uso wa maji, kuacha kula au kupata ukungu ngozini, au kama kipimo cha amonia kitaonyesha chochote juu ya sifuri, usisubiri jibu jingine la maandishi. Wewe uko Nyegezi, na chuo cha uvuvi, FETA, kipo hapohapo. Waulize wakufunzi au afisa uvuvi wa wilaya ni nani anayeweza kuja kuliangalia tangi. Chukua chupa mbili safi, zijaze pomoni bila hewa, moja maji ya tangi na nyingine ya ndoo, uziandike tarehe na saa, na kamba akifa mfunge ndani ya barafu badala ya kumtupa.